Taipu retingi: maswali ya kuuliza kabla ya kulipia chuo

Fedha za korosho zikiingia, familia nyingi za Nachingwea na Ruangwa hupanga ada za watoto. Mzazi mwenye kijana anayesomea urubani anaweza kukutana na gharama ambayo hakuitegemea. Kijana ameshapata leseni ya rubani wa biashara, lakini anaambiwa bado hawezi kurusha ndege kubwa ya abiria mpaka apate kibali cha aina ya ndege. Marubani wenyewe hukiita taipu retingi, na bei yake huweza kufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Katika makala haya tunaeleza kibali hicho ni nini, chuo chake hutafutwaje na fedha zilipwe wakati gani.

Kwa nini leseni peke yake haitoshi?

Tuchukue ndege ambazo wasafiri wa kusini wamezizoea pale Mtwara: Dash 8-Q400 ya Air Tanzania na ATR ya Precision Air. Zote zina injini mbili za panga, na mabawa yake yamekaa juu ya madirisha. Abiria anaweza kuzifananisha, lakini rubani wa moja haruhusiwi kurusha nyingine kabla ya kuisomea na kufaulu mtihani wake. Mitambo, mwendo wa kutua na hatua za dharura vinatofautiana.

Tofauti hizo zinabeba maisha ya watu. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX ilianguka dakika chache baada ya kuruka kutoka Addis Ababa, na watu wote 157 walikufa. Ilikuwa ajali ya pili ya ndege ya aina hiyo ndani ya miezi mitano. Ndege hizo zilikuwa na mfumo mpya uliosukuma pua ya ndege chini, na marubani waliotoka kwenye 737 za zamani walikuwa wamepewa somo fupi tu la kompyuta. Ziliporuhusiwa kuruka tena Marekani mwaka 2020, mafunzo ya simuleta yalifanywa kuwa ya lazima.

Mafunzo yakoje, na yako wapi?

Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa. Rubani huanza darasani kujifunza mitambo ya ndege, kisha huingia kwenye simuleta, yaani chumba cha rubani cha kuigizia kinachoyumba kama ndege halisi. Humo mwalimu huzima injini, huleta moto au upepo mkali, bila kumhatarisha mtu. Mwisho kuna mtahini aliyeidhinishwa. Rubani mgeni wa ndege kubwa kwa kawaida hufanya pia mazoezi ya kuruka na kutua kwa ndege yenyewe.

Simuleta moja hugharimu mamilioni ya dola, ndiyo maana vituo ni vichache, na aina ya ndege ndiyo inayoamua uende wapi. Katika ukanda wetu, chuo cha anga cha Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa kina simuleta za ndege kama Q400, 737 na 787. Watengenezaji wa ATR wana kituo chao Toulouse, Ufaransa. Kwa Airbus A220, ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2018, simuleta zipo miji kama Zurich, Uswisi.

Maswali manne kabla ya kulipa

*Nani atakuajiri?* Mashirika mengi huwasomesha marubani wao, nao husaini mkataba wa kulitumikia shirika kwa muda fulani. Ukijilipia mwenyewe, unaweza kusomea ndege ambayo hakuna anayekuhitaji kuirusha. Na kibali hakikai kabatini kikingoja: rubani wa abiria anatakiwa awe ameruka na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90, na kupimwa mara kwa mara. Asiyeruka hurudi kwenye simuleta kwa gharama nyingine.

*Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) inakitambua chuo hicho?* Kuidhinishwa na nchi nyingine hakutoshi kama leseni yako ni ya Tanzania. Waulize TCAA, na omba jibu la maandishi.

*Simuleta ni ya aina na toleo gani hasa, na utaitumia kwa saa ngapi?*

*Bei imejumuisha nini?* Ulizia ada ya mtihani, mazoezi ya ndege halisi, marudio ukifeli, viza na malazi. Bei ndogo kwenye tangazo mara nyingi imeacha baadhi ya hayo.

Kwa aliye bado shuleni

Taipu retingi ni hatua ya mbele sana. Anza na kipimo cha afya cha daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na TCAA, kabla familia haijalipa ada yoyote ya urubani. Kasoro ya moyo au ya macho ikigundulika mapema, gharama yake ni ya kipimo tu. Ikigundulika baada ya ada kulipwa, shamba la mikorosho huenda limeshauzwa.