SERIKALI NA BARAZA LA WAWAKILISHI: MAGEUZI YA ZANZIBAR YA 2010

Watahiniwa wengi huweza kutaja mihimili mitatu ya dola: Serikali, chombo cha kutunga sheria na Mahakama. Wanapoulizwa jinsi mihimili hiyo inavyoshirikiana, hukwama. Somo hili linakupa mfano mmoja kamili unaoweza kuutumia katika jibu lako.

Chanzo cha mageuzi

Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, kila uchaguzi Zanzibar uliacha uhasama kati ya CCM na CUF. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano. Mwafaka wa 1999 na wa 2001 ilitiwa saini, lakini haikumaliza mgogoro. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa CUF, walikutana Ikulu ya Zanzibar. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoitwa Maridhiano.

Hatua zilizofuatwa

Viongozi wawili wakikubaliana, nchi haibadiliki kwa hilo pekee. Muundo wa Serikali umewekwa na Katiba ya Zanzibar ya 1984, na Rais hana mamlaka ya kuibadili peke yake. Kwa hiyo kazi ilipita katika hatua hizi:

1. Januari 2010, Baraza la Wawakilishi lilijadili na kupitisha hoja ya kuunga mkono Maridhiano. Hoja hiyo ililetwa na upande wa upinzani.
2. Baraza lilitunga sheria ya kura ya maoni, na Rais akaitia saini.
3. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura. Takriban asilimia 66 walikubali.
4. Agosti 2010, Baraza lilipitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba. Mabadiliko ya Katiba huhitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote.

Zingatia: kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Rais alikuwa na uongozi wa Serikali na saini. Baraza lilikuwa na kura za kutunga sheria. Mmoja angekataa, mageuzi yangesimama.

Matokeo

Nafasi ya Waziri Kiongozi ilifutwa. Palikuwa na Makamu wawili wa Rais: wa Kwanza kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, na wa Pili kutoka chama cha Rais, ambaye pia ni kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza. Mawaziri hugawanywa kwa kuzingatia uwiano wa viti vya vyama barazani. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2010, Dk. Ali Mohamed Shein alikuwa Rais na Maalim Seif Makamu wa Kwanza.

Faida na kasoro

Faida kubwa ni kwamba uchaguzi wa 2010 ulipita kwa utulivu kuliko iliyotangulia. Kasoro ni hii: vyama vikubwa vyote vikiwa serikalini, nani atamhoji waziri? Chukua mfano wa mkaazi wa Mtoni anayelalamikia maji. Mjumbe wake anapaswa kumbana waziri barazani, hata kama waziri huyo ni wa chama chake. Ushirikiano usigeuke kuwa ukimya.

Tena, mfumo huu hutegemea uchaguzi unaokubalika. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na nafasi ya Makamu wa Kwanza ikabaki wazi. Ilijazwa tena Desemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa, safari hii akiwa ACT-Wazalendo. Alifariki Februari 2021, na Othman Masoud Othman akachukua nafasi hiyo.

Makosa ya kuepuka

- Usichanganye Mwafaka (1999 na 2001) na Maridhiano (2009).
- Usiandike kuwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliundwa na watu wawili. Taja Baraza na kura ya maoni.
- Usiseme kushirikiana ni kuunganisha mihimili. Kila mmoja hubaki na kazi yake.

Swali la mazoezi

"Makubaliano ya viongozi hayatoshi kubadili muundo wa Serikali." Thibitisha kauli hii kwa hoja nne, ukitumia mfano wa Zanzibar.