Mguu wa mzae ukiuma akitembea, mwache azidi kutembea

Unamjua yule mzae wa Kahawa Sukari anayeshuka mat Thika Road, anatembea kidogo akielekea estate, kisha anasimama akijifanya anasoma simu? Dakika mbili baadaye anaendelea. Halafu anasimama tena. Watu husema ni uzee tu, kumbe huenda mishipa ya damu miguuni imezibwa na mafuta na kigimbi kinakosa oksijeni. Fegi, kisukari na presha ndizo huleta hii noma.

Daktari hupima presha ya kifundo cha mguu na kuigawanya kwa ile ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9, si shwari.

Wasee hushtuka wakiambiwa dawa ni kuchapa mguu. Akishakubaliwa na daktari, anatembea hadi uchungu uwe mkali kiasi, anasimama hadi uishe kabisa, anaanza tena. Dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Larsen na Lassen wa Denmark walijaribu mazoezi ya kutembea 1966, wagonjwa wakafika mbali zaidi. Mshipa hauzibuki, lakini msuli hujifunza kutumia damu kidogo inayofika. Fegi nayo aache, hapo hakuna kubembelezana.

Kupima maendeleo, ahesabu milingoti ya stima kabla ya kusimama. Ila mguu ukiuma hata akiwa amelala, ukiwa na kidonda kisichopona ama ukipoa ghafla, mazoezi yangoje. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.