Swali la Mjumbe Bungeni na Deni la Shamba Lako



Bila shaka umepata kusikia mtu akisema barazani, "Mjumbe wetu anasema sana kule Nairobi, lakini hatuoni kitu." Mwingine naye hujibu, "Afadhali wenu, wetu hata kusema hasemi." Wote wawili hawakueleza ni maneno gani hayo wanayoyataka, wala yasemwe kwa njia gani. Katika Bunge kuna kuuliza, tena kuna kunena, na mambo haya mawili si mamoja. Mwezi huu tutaeleza tofauti yake, na kwa kuwa wengi wenu mwakaa katika skimu, mfano tutautoa katika habari ya mashamba ya skimu.

Kwanza swali. Mjumbe huliandika swali lake na kulipeleka kwa Karani wa Bunge, kisha Spika hulitazama kama linafaa. Swali lisilofaa ni lile ambalo kwa kweli ni hotuba, au la kubahatisha "ingekuwaje kama", au lenye jambo lisilo chini ya Waziri anayeulizwa. Likikubaliwa huchapishwa katika orodha ya shughuli, na Wizara hupewa nafasi ya kutafuta jibu. Sasa, Wizara iliyo Nairobi haijui ni wakulima wangapi wa skimu fulani wamemaliza kulipa nao hawajapata hati. Basi huandikia ofisi za chini, na ofisi za chini humwambia karani atafute. Mimi ni karani wa namna hiyo, nami nakuambia wazi: barua ya mkulima yaweza kungoja mezani, lakini karatasi yenye neno "Bunge" juu yake haingoji hata chai ya saa nne.

Jibu likisha kutolewa, Mjumbe aweza kuuliza swali la nyongeza, na wenzake pia. Hapo ndipo jibu lililofunikwa hufunuliwa. Maneno yote, ya muulizaji na ya mjibu, huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Bunge, ile iitwayo Hansard, na baada ya miaka hamsini mtu aweza kuyasoma.

Kunena ni kitu kingine. Katika hoja, au wakati wa kujadili Bajeti, Mjumbe ana ruhusa kusema kwamba mpango mzima wa Serikali ni mbaya. Waziri hafungwi kujibu kila neno. Jambo huamuliwa kwa kura, na asiye na kura za kutosha hushindwa hata kama amesema vizuri.

Tuchukue mfano wa Bwana Bildad Kaggia. Alikuwa mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, na mwaka 1963 watu wa Kandara, katika Murang'a, walimchagua awe Mjumbe wao. Akafanywa msaidizi wa Waziri wa Elimu, cheo ambacho watu walikiita Waziri Mdogo. Lakini fikira zake zilikuwa juu ya ardhi.

Kumbuka mambo yalivyokuwa. Skimu ya Ekari Milioni ilianza mwaka 1962, na mwisho familia kama 35,000 zilipata mashamba katika nchi iliyokuwa ya masetla. Mashamba hayo hayakutolewa bure. Yalinunuliwa kwa fedha za Uingereza hasa, nyingine zikatoka Benki ya Dunia na Ujerumani Magharibi. Mkulima alipewa mkopo wa ardhi wa kulipa kwa miaka 30, na mkopo mwingine wa ng'ombe, ua na mbegu wa kulipa kwa miaka 10, kwa riba ya 6.5 kwa mia. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu alikopa shilingi 4,000 za shamba, naye alipe kila nusu mwaka. Kila mara angetoa kama shilingi 152, na mpaka kumaliza angekuwa ametoa shilingi 9,100 hivi. Yaani shamba moja kwa bei ya mawili na zaidi. Mwaka wa ukame au wa maziwa kukosa soko, zile 152 zilitoka wapi? Wengi walichelewa kulipa, na aliyechelewa sana alipata ilani ya kunyang'anywa shamba.

Bwana Kaggia alisema, ndani na nje ya Bunge, kwamba si haki mtu kununua ardhi ambayo babu yake alinyang'anywa. Alitaka wasio na ardhi wapewe bila kulipa, tena alilalamikia maskwota waliokuwa wakifukuzwa. Serikali nayo ilikuwa na hoja yake, na yafaa tuitaje bila kuipunja: fedha zilikuwa zimekopwa kwa mapatano, Katiba ililinda mali ya kila mtu, na nchi changa isiyolipa deni lake la kwanza haitapata la pili. Msimamo huo wa kulinda mali uliandikwa tena katika Waraka Namba 10 wa 1965.

Hapa pana kanuni ambayo wengi hawaijui. Mtu aliye katika Serikali, awe Waziri au Waziri Mdogo, hakuruhusiwa kuipinga Serikali hiyo hadharani. Wote walihesabiwa kuwa na sauti moja. Mzee Kenyatta alimwandikia Bwana Kaggia juu ya jambo hili, na mwezi wa Juni 1964 Kaggia akatoka katika cheo. Alipoteza mshahara na motokaa, akapata uhuru wa ulimi, kwa maana Mjumbe wa viti vya nyuma aweza kuuliza na kupinga atakavyo. Mwaka 1966 aliingia chama cha KPU pamoja na Bwana Oginga Odinga. Kwa sheria iliyopitishwa Aprili mwaka huo, Mjumbe aliyehama chama alilazimika kurudi kwa wapiga kura, na Kandara haikumrudisha.

Je, maneno yake yalimsaidia mkulima? Deni halikufutwa kwa ajili yake. Hoja yake ilikuwa kubwa kuliko swali. Ilitaka kura nyingi, naye hakuwa nazo. Lakini kwa maoni yangu ni yeye, kuliko wengine, aliyeifanya nchi iulizane kwa sauti kama ardhi ilipaswa kununuliwa, na mazungumzo hayo hayajaisha mpaka leo. Jambo la kusikitisha ni kwamba siku hizo Bunge lilizungumza Kiingereza. Aliyekuwa akidaiwa hakuweza kufuata waliokuwa wakibishana juu ya deni lake. Kiswahili kiliingia Bungeni kwa tangazo la Mzee Kenyatta mwezi wa Julai 1974.

Pengine utauliza kama Mjumbe haogopi. Sheria humlinda asishtakiwe kortini kwa maneno aliyoyasema Bungeni. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 1975 Bwana Jean-Marie Seroney wa Tinderet na Bwana Martin Shikuku wa Butere walikamatwa katika majengo ya Bunge yenyewe kwa maneno ya mjadala, wakawekwa kizuizini bila kufikishwa kortini mpaka 1978. Basi usidharau Mjumbe anayesimama kusema jambo zito.

Tangu Katiba ya 2010, Waziri si Mjumbe tena, bali tangu 2023 Mawaziri huitwa mbele ya Bunge kujibu maswali. Pia kazi zimegawanywa. Josho, mbegu na Bwana Shamba ni mambo ya kaunti, na hayo yaulizwe katika Bunge la Kaunti. Skimu, madeni ya zamani na hati za mashamba yako kwa Serikali ya taifa. Maswali mengi hufa kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake.

Ukimwendea Mjumbe, usimwambie tu "hati zinachelewa." Akiuliza hivyo, Waziri atajibu kwamba jambo linashughulikiwa, na mambo yatakwisha hapo. Mpe jina la skimu, namba ya shamba, tarehe ya malipo ya mwisho pamoja na nakala ya risiti, na barua uliyoiandikia ofisi na siku uliyoiandika. Mkiwa wakulima ishirini wenye taabu moja, andikeni orodha moja ya ishirini. Swali lenye namba halijibiwi kwa maneno matupu.

Na kama Mjumbe hataki, Katiba katika kifungu cha 119 yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi Bungeni yeye mwenyewe. Maombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, bila kufutafuta maneno. Lazima yaeleze kwamba mmekwisha jaribu kwa ofisi inayohusika, na ilijibu nini. Kila mwombaji hutia sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika, kisha maombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge.