Kusoma Bahasha ya Likasi: Utangulizi wa Ukusanyaji wa Stempu na Historia ya Posta

Serikali ya Marekani ilianza kuuza stempu zake za kwanza tarehe 1 Julai 1847: moja ya senti 5 yenye sura ya Benjamin Franklin, nyingine ya senti 10 yenye sura ya George Washington. Haukupita muda mrefu posta ikaingiwa na hofu kwamba watu wataosha wino wa muhuri na kuitumia stempu ile ile mara ya pili. Dawa iliyojaribiwa kuanzia 1867 ilikuwa kuikandamiza karatasi kwa chuma chenye vijino vidogo vidogo, ili nyuzi zake zivunjike na wino uzame ndani usitoke tena. Mpangilio wa vijino hivyo ulibadilishwa mara kadhaa. Mmojawapo, ambao wataalamu wameupa herufi Z, uligusa stempu chache sana za senti 1. Leo zinajulikana mbili tu. Moja imo katika Maktaba ya Umma ya New York, na nyingine iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola milioni 4.

Watu wengi wanapotajiwa ukusanyaji wa stempu, hadithi za namna hii ndizo huwajia: kipande cha karatasi kilichoponea chupuchupu, na tajiri wa kukinunua. Msomaji wa Likasi, mji wa migodi katika Katanga ya Kongo, ana haki ya kuuliza yeye anaingia wapi. Anaingia kwa mlango wa muhuri. Hofu iliyowatesa Wamarekani ndiyo inayomfanya karani wa posta, popote duniani, agonge muhuri juu ya stempu ili isitumike tena. Muhuri huo hubeba jina la mahali na tarehe, na kwa mji kama huu, ambao umebadilishiwa jina, bendera na sarafu ndani ya umri wa mtu mmoja, jina na tarehe ni mali kubwa kuliko stempu yenyewe.

Uwanja huu una vyumba viwili, na mgeni afadhali aonyeshwe vyote. Katika cha kwanza amekaa mkusanyaji wa stempu. Yeye huuliza: karatasi gani hii, rangi gani, imechapwa na nani, zimebaki ngapi? Katika cha pili amekaa mtafiti wa historia ya posta. Huyu huuliza: barua hii ilitoka wapi, ilipita njia ipi, ililipiwa kiasi gani, na kwa nini ilichelewa? Wa kwanza hutosheka na stempu iliyobanduliwa. Wa pili anataka bahasha nzima, na akibahatika anataka na barua iliyomo. Hoja ya utangulizi huu ni kwamba utajiri wa Likasi umo katika chumba cha pili, na kwamba mtu anayeifahamu Katanga na kusoma Kiswahili huingia humo akiwa na ufunguo ambao wakusanyaji wengi wa Ulaya hawakuwa nao.

Barua kabla ya stempu

Stempu za kwanza za Dola Huru ya Kongo zilitolewa tarehe 1 Januari 1886, siku ile ile dola hiyo ilipoingia katika Umoja wa Posta Duniani. Zilikuwa tano, zote zikiwa na sura ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji: santimu 5, 10, 25 na 50, pamoja na ya faranga 5. 

Mwezi Februari wa mwaka huo huo, mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, kaskazini mwa Likasi ya leo, kwa mfalme Msiri. Kwake stempu za Leopold hazikuwa na maana yoyote. Hapakuwa na posta, na utawala wa Dola Huru ulikuwa haujagusa Garenganze, nchi ya Msiri. Barua zake zilibebwa na misafara kuelekea Benguela, pwani ya Atlantiki. Upande wa pili, njia za misafara zilikwenda hadi Ziwa Tanganyika, Tabora, Bagamoyo na Unguja. Ni kwa njia ya mashariki kwamba msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuitwalia Dola Huru nchi hiyo, ulikuja mwaka 1891, na mwezi Desemba mwaka huo Msiri akauawa. Mtafiti wa posta ya Katanga huanza basi na barua zisizo na stempu ya Kongo hata moja, na hujifunza mapema kwamba ramani ya misafara itamfaa kuliko katalogi.

Picha za Mols na kosa la kiwandani

Mwaka 1894 Dola Huru ilitoa stempu za picha ambazo wakusanyaji huziita kwa jina la mchoraji Robert Mols. Zilichongwa na kuchapwa na kampuni ya Waterlow ya London: bandari ya Matadi, maporomoko ya Stanley, maporomoko ya Inkisi, daraja la reli, uwindaji wa tembo. Ni kazi nzuri ya mikono, na pia ni tangazo la biashara. Ulaya ilionyeshwa mito, madaraja na pembe za ndovu. Mateso ya Wakongo waliolazimishwa kukusanya mpira hayakuchorwa.

Stempu hizi zina rangi mbili, pembezoni rangi na katikati weusi, kwa hiyo kila karatasi ilipita mashineni mara mbili. Mfanyakazi akiigeuza karatasi katika mzunguko wa pili, picha hutoka kichwa chini. Jambo hilo liliwapata Wamarekani katika toleo lao la 1869, kwenye stempu za senti 15, 24 na 30, nalo likatokea katika mfululizo wa Mols. Nakala kama hizo ni adimu na bei yake ni kubwa. Lakini kwa mtafiti, stempu ya Mols yenye picha iliyosimama sawasawa na muhuri unaosomeka wa kituo kidogo cha Katanga inaweza kusema mengi zaidi. Kosa la kiwandani linatueleza habari za London. Muhuri unatueleza habari za hapa.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka kwa Leopold mwaka 1908, akiba ya stempu za zamani ilipigwa juu maneno CONGO BELGE, nyingine kwa mihuri ya mkono. Mgeni na awe mwangalifu hapo: muhuri wa mkono huigizwa kirahisi, na stempu bandia za kundi hili ni nyingi.

Reli na shaba

Posta ya Likasi ni mtoto wa reli na migodi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ikafika Kambove, karibu na Likasi, mwaka 1913. Tangu hapo barua ya kwenda Ulaya iliweza kushuka kwa treni kupitia Rhodesia hadi bandari za kusini. Mwaka 1931 reli ya Benguela ilipounganishwa na ya Katanga, mlango wa Atlantiki ukafunguka, karibu na upande ule ule ambako wapagazi wa Arnot walikuwa wakielekea. Ukiwa na bahasha mbili za mji mmoja, moja ya kabla ya 1931 na nyingine ya baadaye, geuza mgongo wake utazame mihuri ya njiani. Historia ya reli imeandikwa pale.

Migodi ilileta watu, na watu wakaleta barua. Union Minière iliandika wafanyakazi kutoka Lomami, Kasai, Rwanda na Urundi. Bahasha za makabaila wa kampuni zilihifadhiwa na kufika minadani Brussels. Bahasha za wafanyakazi wa mitaa ya Likasi kama Shituru, Panda na Kikula hazikuhesabiwa kuwa kitu. Mara nyingi mnunuzi alikata kona yenye stempu, akatupa iliyobaki, na barua yenyewe, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kambi za migodi, ikaishia motoni. Hilo ndilo pengo kubwa la uwanja huu. Wakusanyaji wa mwanzo walijua karatasi na rangi, lakini hawakuweza kusoma kilichoandikwa ndani.

Miaka mitatu ya bendera nyingi

Wakati wa ukoloni Likasi ilibatizwa Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot. Jina la kale lilirudi mwaka 1966. Kati ya majina hayo mawili iko miaka ambayo humvuta kila anayeingia uwanja huu.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akalitangaza kuwa dola inayojitegemea. Kufikia Septemba posta ya Katanga ilikuwa imechukua akiba iliyokuwapo, zikiwemo stempu za maua na za wanyama za Kongo ya Wabelgiji, na kuzipiga juu neno KATANGA. Mwaka 1961 zikaja stempu zilizochapwa rasmi, za sanaa ya uchongaji na za sura ya Tshombe. Hakuna nchi iliyoitambua dola hiyo, lakini barua zenye stempu zake zilisafiri na kufika.

Mwezi Septemba 1961 kikosi cha wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, kilizingirwa Jadotville na majeshi ya Katanga, kikapigana siku kadhaa hadi kikaishiwa maji na risasi. Tarehe 3 Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Wahindi, yaliuvuka mto Lufira na kuingia mjini. Wanajeshi wa India walikuwa na stempu zao wenyewe, za ramani ya India, zilizopigwa juu maneno ya kuonyesha kikosi chao cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Hivyo kwa kipindi kifupi Katanga ilipitiwa na stempu za Kongo, za Katanga na za India.

Jambo moja linawachanganya wanaoanza. Stempu za Katanga zisizotumika ni rahisi kupatikana, kwa sababu zilinunuliwa kwa wingi na wafanyabiashara wa stempu wa ng'ambo. Nyingine ziligongwa muhuri kwa ombi lao bila kubandikwa kwenye barua yoyote. Kilicho adimu ni bahasha ya kawaida, iliyolipiwa nauli sahihi, aliyoandikiwa mama, fundi au karani, na iliyosafiri kweli. Uadimu huu hautoki kiwandani. Hutoka katika matumizi.

Makuta, zaire na mkono wa dereva

Baada ya 1967 stempu zilianza kuonyesha makuta na zaire badala ya faranga. Nchi ikaitwa Zaire mwaka 1971, na Katanga ikawa Shaba. Thamani ya fedha ilipoporomoka miaka ya 1990, stempu za zamani zilipigwa juu tarakimu mpya, na tarakimu hizo zikapitwa nazo. Mwezi Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwanafunzi wa uchumi anayetaka kuona mfumuko wa bei kwa macho na apange bahasha za miaka hiyo kwa tarehe.

Posta ilipodhoofika, watu wa Likasi hawakuacha kuandikiana. Walimkabidhi barua dereva, mfanyabiashara au ndugu anayesafiri, wakaandika kwa Kifaransa juu ya bahasha kwamba iko mikononi mwa fulani. Mkusanyaji wa stempu haoni kitu hapo. Mtafiti wa posta huona njia ya mawasiliano inayostahili kuandikwa, sawa na ile ya misafara ya Arnot.

Mambo ya kuanzia nayo

Vifaa ni vichache: kibano chenye ncha butu, lenzi, mkono mkavu, na bahasha za karatasi isiyo na asidi. Mafuta ya vidole huharibu gundi, na unyevu wa masika huleta ukungu. Katalogi husaidia kutambua toleo, lakini bei zake ni za stempu safi katika masoko ya mbali, hivyo usizitumie kumwahidi bibi yako utajiri.

Amri ya kwanza: usiloweshe bahasha ili kubandua stempu. Ukiibandua umeua ushahidi. Amri ya pili: soma kila kitu kilichopo, mbele na nyuma. Angalia muhuri wa kutoka na wa kupokelea, nauli, namba ya sanduku la posta, chapa ya mkaguzi wa wakati wa vita, jina la kampuni au misheni. Amri ya tatu: kama barua ingali ndani, omba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuisoma, na usitangaze siri za familia kwa sababu tu zina umri mkubwa.

Kazi inayosubiri ni kubwa kuliko watu tulio nao. Ipo jumuiya ya kimataifa ya wachunguzi wa stempu na mihuri ya Kongo ya Wabelgiji, na imefanya mengi kuorodhesha mihuri. Orodha hizo zimetokana zaidi na makusanyo yaliyovuka bahari. Yaliyobaki masandukuni Kikula, Panda na Shituru hayajaandikwa. Mwanafunzi anayetaka kuingia uwanja huu hahitaji mnada wala dola milioni. Achukue daftari, aombe familia kumi zimwonyeshe bahasha zao za zamani, na kwa kila moja aandike jina la mji kama lilivyo kwenye muhuri, tarehe, nauli, njia, na lugha ya barua. Akimaliza daftari hilo atakuwa ameandika sura ambayo katalogi zote za Ulaya zimeikosa.