Bata Wahamiaji na Sumu ya Risasi

Kuanzia Oktoba, bata wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hutua Ziwa Ol'Bolossat. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa burudani nchini, lakini huko watokako bata hawa bado huwindwa.

Hatari si bunduki pekee. Marisau, zile chembe ndogo za kupigia ndege, kwa miaka mingi yametengenezwa kwa madini ya risasi. Yanayokosa shabaha huzama matopeni. Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na marisau huyameza vivyo hivyo. Yakisagika, sumu huingia kwenye damu. Bata hukonda, mabawa hulegea, na wengi hufa.

Marekani ilipiga marufuku marisau hayo kwa uwindaji wa bata mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya kwenye maeneo oevu mwaka 2023. Wawindaji wengi huko sasa hutumia chuma. Chuma ni chepesi, kwa hivyo huchagua chembe kubwa kidogo na kupiga kwa karibu.

Mkazi akimkuta bata aliyelegea, asimchinje: kuchemsha nyama hakuondoi risasi. Aarifu ofisi ya KWS iliyo karibu au afisa wa mifugo wa wadi.