New York, Mji Unaobebwa na Shamba Lake

Kila unapoingia mwezi wa Septemba jina la New York husikika redioni asubuhi na jioni, kwa kuwa huko ndiko Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linakokutana. Kwetu sisi wa visiwani jina hilo si geni. Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa Umoja huo tarehe 16 Desemba 1963, na kabla ya miezi mitano kutimia, baada ya Mapinduzi na Muungano, kiti chake kikawa kimoja na cha Tanganyika. Mwaka 1979 mwana wa visiwa hivi, Ndugu Salim Ahmed Salim, akiwa na umri wa miaka 37, alikalia kiti cha urais wa Baraza Kuu. Na mwaka 1981 serikali ya Marekani ilitumia kura yake ya turufu, duru baada ya duru, kumzuia asiwe Katibu Mkuu. Hayo wazee wetu wanayakumbuka vyema. Leo tunakusudia kuueleza mji wenyewe pamoja na jimbo lenye jina hilo hilo, kwani wengi wetu tutajapo New York huyafikiria majumba marefu tu, na jimbo lililo nyuma ya majumba hayo hatulijui.

Jimbo la New York ni kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 141,000, hata Unguja na Pemba kwa pamoja zingeingia humo zaidi ya mara hamsini. Lina milima na misitu, maziwa makubwa na maporomoko ya Niagara yaliyo mpakani na Kanada. Lina wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wakulima wa matofaa na zabibu. Makao makuu ya serikali ya jimbo hayako katika jiji lile mashuhuri, bali yako Albany, mji mdogo ulio juu kaskazini kandokando ya mto Hudson, na yamekuwa huko tangu mwaka 1797. Jiji limejibanza kwenye ncha ya kusini, mto unapomwaga maji baharini, na kitovu chake ni kisiwa cha Manhattan, chembamba na kirefu, ambacho vipande zaidi ya ishirini vya ukubwa wake vingekatwa katika Unguja yetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 jimbo zima lilikuwa na watu zaidi ya milioni 20, na kati yao milioni 8.8 walikuwa wakaazi wa jiji.

Wenyewe wa asili walikuwa Walenape. Waholanzi walihamia hapo katika miaka ya 1620 wakapaita Amsterdam Mpya. Waingereza wakawapokonya mwaka 1664 na kupabandika jina la ndugu wa mfalme wao, Mtawala wa York. Mgeni kufika kwenye kisiwa cha watu na kukipa jina la kwao ni hadithi ambayo hatuhitaji kusimuliwa mara mbili.

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu iliyopeperusha bendera nyekundu ya Seyyid Said bin Sultan iliingia katika bandari ya mji huo. Jina lake lilikuwa Sultana, na iliundwa Bombay mwaka 1833. Aliyekabidhiwa shughuli zote za safari ile ni Ahmad bin Naaman, karani wa Seyyid Said na mtu wake wa karibu. Iling'oa nanga Unguja mwezi wa Februari, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapumzika St Helena, kisha ikakata bahari ya Atlantiki. Safari hiyo haikuzuka tu. Miaka saba kabla yake Seyyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walikuwa wametia saini mkataba wa biashara huko Maskati. Na tangu mwaka 1837 Marekani ilikuwa na balozi wake mdogo hapa Unguja, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts.

Watu wa New York walishangaa. Mji wao ulikuwa na watu 312,710 mwaka ule, na wengi wao hawakuwa wamepata kumwona mjumbe aliyetoka nchi za Waarabu. Walimiminika gatini kuitazama merikebu na mabaharia wake. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliichukua Sultana katika karakana yake ya Brooklyn na kuitengeneza. Halmashauri ya mji ilimwagiza mchoraji Edward Mooney aichore sura ya Ahmad bin Naaman, na picha hiyo ya mtu mwenye kilemba na joho lililotariziwa imedumu hadi leo. Zawadi alizopelekewa Rais Martin Van Buren, zikiwemo farasi wawili na lulu, zilileta mushkeli: katiba yao hairuhusu Rais kupokea tunu kutoka kwa mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge. Bunge likaamua zipokewe kwa niaba ya taifa, na nyingi zikauzwa, fedha zikaingia hazina. Sisi si wapenzi wa mabepari, lakini mnyonge mnyongeni na haki yake mpeni. Kanuni hiyo ni njema, na viongozi wa nchi yoyote wangefaa kuisoma.

Lakini hebu tuifungue ngama ya merikebu. Mzigo uliopakiwa Unguja ulikuwa pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Waliokuja kutazama gatini waliona joho la mjumbe. Mikono iliyochuma karafuu zile hawakuiona. Ilikuwa mikono ya watumwa katika mashamba yaliyokuwa yakipanuka wakati huo huo hapa kisiwani, na pembe zilifika pwani mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi na watumwa waliotembea miezi kutoka bara. Sultana iliporejea mwezi wa Agosti ilibeba bidhaa za viwandani, na kubwa kati ya hizo ni lile gora la kitambaa kigumu cha pamba ambalo bibi zetu walilijua kwa jina la merikani. Nasi pia tuliona gora tu. Pamba yake ilipandwa na kuvunwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts. Jimbo la New York lilikuwa limekwisha kuufuta utumwa katika ardhi yake tarehe 4 Julai 1827, lakini mabenki, mawakala wa bima na wenye meli wa mji ule waliendelea kuneemeka kwa pamba hiyo. Kwa hiyo Mwafrika aliyefungwa kule alimvisha mpagazi wa huku, na mpagazi akabeba pembe zilizokwenda kuwa vifunguo vya piano katika viwanda vya Connecticut, jimbo jirani. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilifanya biashara hiyo ya pembe hapa Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokata mkondo wa pamba, nguo za Uingereza na Bombay zilichukua nafasi, ila jina la merikani lilibaki kinywani mwetu.

Kwa nini New York, na si Boston au Philadelphia, ikawa bandari kuu ya nchi ile? Wengi hujibu kuwa ni uzuri wa bandari yake. Bandari nzuri zilikuwa nyingi. Jibu liko shamba. Mwaka 1817 gavana wa jimbo, DeWitt Clinton, alianzisha uchimbaji wa mfereji kutoka Albany mpaka Buffalo kwenye ziwa Erie, urefu wa kilomita 584. Walimcheka, wakauita handaki la Clinton. Vibarua, wengi wao Wairishi maskini, waliuchimba kwa sululu, koleo na baruti kwa miaka minane. Ulipofunguliwa mwaka 1825 gavana alisafiri na pipa la maji ya ziwa hadi mdomo wa bandari, akayamimina baharini mbele ya umati. Gharama ya kusafirisha tani moja ya mzigo kutoka Buffalo hadi New York, iliyokuwa dola 100 hivi, ilishuka hata chini ya 10. Ngano ya bara yote ikateremka kuelekea mji mmoja. Majumba marefu yalikuja baadaye sana. Hata lile mashuhuri la Empire State, lenye ghorofa 102, ni la mwaka 1931.

Na Ahmad bin Naaman alipokuwa matembezini mjini, kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea. New York ya siku zile ilikuwa tajiri yenye kiu. Visima vyake vilichanganyika na uchafu wa vyoo. Mwaka 1832 kipindupindu kiliua watu wapatao 3,500. Desemba 1835 moto ulizuka katika mtaa wa wafanyabiashara; maji yakawa yameganda kwa baridi, na majengo yapatayo 700 yakateketea. Ndipo mwaka 1837 wakaanza kujenga mfereji wa mawe wa kilomita 66 kuyaleta maji ya mto Croton kutoka mashambani. Ulikamilika mwaka 1842. Mjumbe wetu alifika katikati ya ujenzi huo.

Croton haukutosha. Mji ulipozidi kukua ulinyoosha mkono mbali zaidi, kwenye milima ya Catskill. Kati ya 1907 na 1915 lilijengwa bwawa la Ashokan. Vijiji viliondolewa, watu wapatao 2,000 wakahamishwa, hata makaburi yakafukuliwa na maiti kuhamishiwa kwingine, ili mtu wa Manhattan afungue mfereji nyumbani kwake. Mabwawa mengine yalifuata, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo: mji unaamua, shamba linahama. Chuki ya watu wa milimani kwa watu wa jijini ilirithiwa na wajukuu. Katika miaka ya 1990 serikali kuu ya Marekani iliutaka mji ujenge mtambo wa kuyachuja maji hayo, na gharama yake ilikisiwa kuwa mabilioni ya dola. Hapo tu ndipo wakubwa wa mji walipokaa kitako na wakulima. Makubaliano ya mwaka 1997 yaliutaka mji ununue ardhi ya vyanzo kwa bei ya maelewano bila kumlazimisha mtu, ulipie ukarabati wa makaro ya vijijini, na umsaidie mfugaji kuweka uzio ili ng'ombe wake wasikanyage kijito. Ilikuwa rahisi mara kadhaa kuliko mtambo, na maji ya Catskill yameendelea kuteremka kwa nguvu ya mteremko wake yenyewe bila kuchujwa.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa nasi tuna mji wa mawe na tuna shamba. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu katika mji wetu, na Seyyid Barghash, aliyeshika utawala mwaka 1870, ndiye aliyeyaleta maji ya Chemchem mpaka mjini kwa mabomba. Unguja haina mito mikubwa. Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na maji tunywayo ni mvua ya masika na vuli iliyozama ardhini. Mahali inapozama ndipo penye uhai wetu: msitu wa Masingini, ukanda wa Mtoni na Bububu, na mabonde ya kati ya kisiwa. Kwenye pwani ya kaskazini na mashariki, hoteli na vijiji vinapovuta kisima kimoja kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda kuchukua nafasi ya yale matamu. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya 2022 walikuwa 893,169. Hao laki tatu walioongezeka wanahitaji nyumba, na nyumba hizo hupanda kuelekea huko huko mvua inakozama, zikiwa na makaro yake. Kipindupindu cha 2015 na 2016, kilichowapata zaidi ya watu elfu nne visiwani, hakikutoka mbali.

Tunajua kwamba sheria zipo. Mamlaka ya Maji ipo, masheha wapo, na maofisa wa ardhi wana ramani. Linalokosekana ni hesabu ya pande mbili. Mwananchi wa mjini hulipa ankara ya maji. Mwananchi anayekatazwa kujenga au kukata miti katika eneo la chanzo hupewa amri, na mara nyingi amri hiyo huja peke yake. Mtu anayeambiwa aliache shamba lake kuwa msitu kwa faida ya watu wa Darajani na Mwanakwerekwe ana haki ya kuuliza naye atakula nini. Watu wa New York walichukua zaidi ya miaka mia moja na hamsini kulifikiria swali hilo, na hawakulifikiria mpaka walipotishwa na gharama.

Kwa hivyo tungependa, katika makadirio yatakayofikishwa Chukwani, kuliona fungu lililotengwa kutokana na malipo ya maji ya mjini na ya mahoteli kwa ajili ya shehia zinazolinda vyanzo: makaro yaliyojengwa vyema, fidia inayolipwa kwa wakati, miche ya mikarafuu na miti ya matunda kwa anayekubali kutofyeka. Na mipaka ya vyanzo iwekewe mawe yanayoonekana, kabla fundi hajafika na mawe yake ya msingi.