Macho ya Manjano na Ini Lililo Kimya

Mtu macho yake yakigeuka manjano na mkojo wake ukawa mweusi kama chai, jamaa huanza kumtafuta mchawi. Sisi nasi tulilelewa katika fikira hizo. Lakini mara nyingi ini ndilo linaloumwa. Tena homa ya ini ya aina B huweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili hizo wala maumivu, huku ikilitia ini makovu. Kuipima damu ndiko kunakoifichua. Alama yake katika damu iligunduliwa na Baruch Blumberg, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mama mja mzito na apimwe mapema, kwani aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa; chanjo ikitolewa katika saa 24 za kwanza humkinga sana. Baba naye asibaki mlangoni: damu yake ipimwe vilevile.